Kunja Jina Kwanza

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kwanza kitengo cha moyo. Miaka sita nimepima watu kule kwa wagonjwa wa nje — presha, uzito, joto, basi. Leo nimekabidhiwa mashine ya ECG, ya kuchora mapigo ya moyo, chumba chenye pazia la kijani, na kitanda kinacholia kila mtu akikikalia. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Yangu mimi imefungwa kwa mama mmoja mfupi, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Kila mtu anamwita Mama Bikari, hata mkurugenzi.

Jina analistahili. Mfukoni hana kalamu, ana bikari! Kama ile ya shule, ila hii ina ncha za chuma pande zote mbili. Karatasi ikitoka mashineni anapima nayo mawimbi, kamstari kwa kamstari. Sasa, mashine yenyewe huchapa majibu juu ya karatasi, pembeni mwa jina la mgonjwa — kawaida, si kawaida, rudia. Nikamwambia, si imeshasema? Akanitazama kama nimetema mate sakafuni. Akakunja sehemu ya juu ya karatasi, jina na majibu vyote vikaenda nyuma. Akaniwekea mbele. Sema unachoona.

Sikuona kitu. Niliona milima na mabonde. Akasema sawa, kesho tena.

Alhamisi, 7 Machi

Miguu inawaka. Wagonjwa ishirini na tisa, kila mmoja vibandiko kumi — sita kifuani, vinne mikononi na miguuni. Leo nilibadilisha waya za mikono, wa kulia nikaupeleka kushoto. Karatasi ikatoka juu chini! Nikapiga ukelele, nikajua mzee wa watu ananifia hapa hapa. Mwenyewe kajilalia, ananiuliza kama anaweza kuvaa shati, kuna baridi.

Mama Bikari alicheka mpaka akafuta machozi. Kosa hilo kila mmoja wetu analifanya mara moja, akasema. Mara ya pili ni uzembe.

Halafu kuna dirisha. Kila mchana, foleni ikikatika, anachukua karatasi mpya ya mgonjwa, anaibandika kwenye kioo juu ya karatasi yake ya zamani, jua linapita kati. Ya mwaka huu juu ya ya mwaka jana. Pale pale unaona wimbi lilikuwa jembamba, sasa limenenepa. Mashine hii ya kwetu haina habari na mwaka jana. Yeye anazo karatasi za miaka kumi na saba, kwenye makabati, kwa mpangilio ambao ni yeye tu na Mungu wanaoujua.

Jumatano, 13 Machi

Sina budi kuandika hili kabla halijapoa.

Alikuja mwalimu mstaafu, mama mchangamfu, anataka tu dawa zake za mwezi aende zake. Mashine: kawaida. Daktari ameshashika kalamu asaini. Mama Bikari akasema mnipe dakika tano. Akaenda dirishani na karatasi nne za mwalimu, akapima kwa bikari, akarudia, akapima tena. Kila pigo la moyo lina muda wake wa kupumzika kabla ya lingine. Wa mwalimu ulikuwa umerefuka. Si sana. Lakini bikari haikudanganya. Akarudi kumuuliza, mama, kuna dawa mpya unameza? Ndiyo, ya kifua, kapewa zahanati juzi. Lo! Kumbe dawa hiyo hiyo, kwa moyo kama wake, inaweza kumwangusha. Daktari akaisimamisha saa ile ile, mwalimu akabaki hapa chini ya uangalizi. Anawafundisha manesi kuandika mwandiko mzuri.

Nikamuuliza Mama Bikari, ulijuaje? Sikujua, akasema. Karatasi haisemi lini mtu ataanguka, inasema nani. Yule tunamsogelea karibu, basi.

Nikauliza pia kwa nini anakunja jina, majibu ya mashine naelewa, lakini jina lina kosa gani? Akasema jina ndilo baya zaidi. Ukiona jina la mkorofi utaona ugonjwa. Ukiona la kijana utaona afya. Ukiona la mtu wako — akafuta miwani. Ukipenda, chongo utaita kengeza. Kunja jina kwanza.

Nampenda mama huyu. Nimeandika. Mtu mzima mimi, miaka thelathini na minane, nimepata mtu wa kumwiga!

Jumanne, 19 Machi

Kaka amekuja kupimwa! Kaka yangu mkubwa, fundi wa lifti. Mwaka juzi moyo ulimshika kazini, spana mkononi, wakamtoa kwa machela. Tangu hapo kampuni yake imemweka stoo, anapanga nati na bolti, na anasononeka vibaya. Anataka barua ya daktari arudi kupanda.

Mama Bikari hayupo leo, kaenda kung'oa jino. Kwa hiyo mimi peke yangu na kaka yangu kitandani, kitanda kinalia, yeye anakiigiza. Anasema kitengo cha moyo kimeshindwa hata kutia kitanda grisi, mioyo ya watu wataiweza? Nilicheka mpaka vibandiko vikanidondoka.

Karatasi ya kwanza imetoka mbaya. Katikati mapigo matatu mapana, haraka haraka, kama watu wanaosukumana mlangoni, kisha kawaida. Mapigo ya namna hiyo Mama Bikari huyaita wadandiaji — yamedandia, hayakuitwa. Mashine ikaandika: upimaji mbovu, rudia. Nikasema si unaona, ni kicheko hicho, kinatikisa waya. Nikabadilisha vibandiko viwili, nikamwambia nyamaza wewe mzee. Ya pili, mdandiaji mmoja. Ya tatu — safi! Ya tatu nimeitia kwenye faili. Ya pili kapuni. Ya kwanza ninayo hapa, nimeikunja iwe alama ya ukurasa kwenye daftari hili. Ina kicheko cha kaka ndani yake, sikuweza kuitupa.

Dirishani sikwenda. Foleni ilikuwa ndefu.

Daktari kasaini barua. Kaka kanibeba juu juu mbele ya wagonjwa. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo! Nikampiga makofi ya mgongo anishushe.

Ijumaa, 22 Machi

Mama Bikari amerudi, shavu limevimba. Kaniuliza, Jumanne palikuwa na lolote? Nikasema hapana, shwari.

Shwari kabisa.

Jumapili, 14 Aprili

Kwa kaka mchana. Amekuwa mtu mpya, amepanda jengo la ghorofa kumi na moja wiki hii, mara tatu, kwa ngazi ya chuma ndani ya lile shimo la lifti. Wifi, mkewe, kanishika mikono jikoni. Ati nimemrudishia mume wake, yule wa stoo alikuwa hasemi. Kaka kaninyanyulia glasi. Haya, kwa Kitindamimba wetu, daktari bila digrii! Watoto wakapiga makofi.

Nilifurahi. Nilifurahi sana, naandika ili nikumbuke.

Jumanne, 21 Mei

Leo Mama Bikari kanipa karatasi nane zilizokunjwa. Nane zote nimesema sawa! Akaweka bikari mezani, akaisukuma upande wangu. Itumie wewe kwa sasa, akasema. Nimeiweka mfukoni, imenichoma paja mara mbili na sijali.

Jumatatu, 10 Juni

Nitaandika kama ilivyotokea.

Nimetoka kula saa saba. Karatasi iko mezani, imekunjwa juu. Mama Bikari amesimama. Sema unachoona.

Nikaanza kama mjuaji. Upana wa wimbi, miraba mitatu na nusu — umepitiliza, mwisho ni mitatu. Kileleni kuna meno, kama msumeno mbovu. Kovu la mbele, huyu alipata shambulio zamani. Na wadandiaji. Mmoja, wawili, halafu wanne mfululizo. Nikaweka bikari chini kwa madaha. Nikasema huyu asipande hata ngazi ya nyumbani. Huyu haondoki hapa leo, Mama. Nilijisikia, jamani! Nilijisikia bingwa.

Akasema vizuri sana, na hakutabasamu. Akasema kaa kwanza. Akakunjua.

Jina la kaka.

Alikuwa ameshafika, yuko nyuma ya pazia, nilimpita nikienda kunawa. Ameanguka asubuhi kazini. Sekunde chache tu, nje ya mlango wa lifti — nje, si ndani ya shimo. Wenzake wamemleta. Akaniita kwa nyuma ya pazia, we Kitindamimba, sauti yako naijua, nani huyo haondoki?

Jumanne, 11 Juni

Kaka amelazwa, ana mashine ndogo ya kuvaa, inaandika kila pigo usiku na mchana. Amepigwa picha ya moyo. Moyo unasukuma kwa unyonge, mwaka jana ulikuwa bora.

Daktari ni mtu mwema na mwangalifu, simlaumu. Kaeleza hivi mbele ya Mama Bikari na mimi. Kaka aliharisha siku tano kabla ya kuanguka, chumvi za mwili zimeshuka, na chumvi zikishuka hata moyo mzima unaleta wadandiaji. Kisha akafungua faili. Machi alikuwa safi, akasema, tazama, hakuna hata mmoja. Kwa hiyo hili ni jambo jipya, ni chumvi. Tumwongezee, aende nyumbani, tumwone baada ya wiki sita. Upana wa wimbi peke yake hautoshi kumzuia.

Lakini kama wadandiaji walikuwapo zamani, akiwa mzima, hana kuhara wala nini — hapo ni habari nyingine. Hapo ni kifaa. Kidogo, kinawekwa chini ya ngozi ya bega la kushoto, kinalinda mapigo, na moyo ukipotea njia kinaushtua urudi. Kikao cha kuamua ni Alhamisi.

Machi alikuwa safi.

Mama Bikari akaitazama ile karatasi safi muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. 

Ile ya kwanza ipo hapa. Kati ya tarehe 19 na tarehe 22. Nimeifungua sasa hivi, imepauka kwenye mkunjo, lakini watatu wale wanaonekana. Tarehe imechapwa. Saa imechapwa. Jina la baba yetu limechapwa.

Jumatano, 12 Juni

Sikula asubuhi. Nilifikiri mambo ya aibu. Nilifikiri kuipenyeza kwenye faili kimya kimya, ati ilikuwa imeshikana na nyingine. Nilifikiri kunyamaza, labda ni chumvi kweli. Nitafukuzwa. Wifi atajua. Kaka alipanda yale mashimo miezi mitatu kwa barua yangu! Mficha maradhi kifo humuumbua, tunawaambia wagonjwa kila siku. Sasa mimi nimeficha maradhi ya mwenzangu.

Saa nne nimempelekea Mama Bikari, kwenye chumba cha makabati. Nikasema yote, nikiwa nimesimama. Kicheko, vibandiko, mara tatu, kapu. Kwamba niliona. Kwamba mashine iliponiambia rudia nilishukuru.

Akakunja jina. Hata hapo! Akakunja jina, akaiweka kwenye kioo cha dirisha, akatoa mkono, nikampa bikari. Akapima wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akapima na mapigo ya pembeni. Akasema, umeipima vizuri. Mstari umetulia, hakuna waya uliolegea, hakuna kicheko humu. Hii ni karatasi nzuri kuliko zote ulizopima mwezi ule.

Nikalia. Akaniacha nilie, anaendelea kupanga mafaili.

Kisha akawa mkali. Sijawahi kumsikia hivyo. Mtu hapimwi mpaka apendeze, akasema. Sisi si wapiga picha za harusi. Ukaitoa iliyosema kweli, ukamwekea mwenzio iliyomnyamazia. Nikasema Mama, nipelekee wewe kwa daktari, wewe watakusikiliza. Akasema hata kidogo. Kesho kwenye kikao, kwa mdomo wako, na mimi nitakaa nyuma yako.

Na akasema kingine, akiwa mlangoni. Wengine huitupa. Wewe hukuitupa.

Alhamisi, 13 Juni

Nimesema.

Watu saba mezani. Walipofika kwenye jina la kaka, daktari akarudia, Machi safi. Nikasimama, goti likagonga meza, chai ya mtu ikamwagika. Nikasema si safi. Niliipima mara tatu, hii ndiyo ya kwanza, niliificha kwa sababu ni kaka yangu. Nikaiweka mezani imekunjwa — mazoea!

Daktari akaisoma hivyo hivyo ilivyokunjwa, nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani. Akasema watatu mfululizo. Akakunjua, akaona tarehe. Akapauka. Ndiye aliyesaini barua. Hapo hapo nesi akaleta majibu ya ile mashine ya kuvaa. Jana alfajiri, chumvi zimeshapanda ziko sawa, kaka amelala usingizi wake — wadandiaji kumi na mmoja mfululizo.

Hakuna aliyebishana tena. Kifaa. Kesho, wa kwanza kwenye orodha.

Mimi nimepewa barua ya onyo, na sitagusa mashine mpaka wakae kikao changu. Sawa. Ningejifukuza mwenyewe.

Mchana nikaenda wodini. Nilimweleza kaka mbele ya wifi, nilitaka wasikie wote wawili. Wifi alisikiliza mpaka mwisho, akasimama, akaenda dirishani, akatupa mgongo. Hajanisemesha mpaka naandika hivi. Jikoni kwake alinishika mikono yote miwili.

Kaka alikuwa hataki kifaa. Tangu Jumatatu anasema yeye si redio, hatiwi betri. Nilipomaliza alichezea kibandiko kifuani. Kisha akauliza, hicho kitu, moyo ukienda sawa kinafanya nini? Nikasema hakifanyi kitu, kinatazama. Na ukikosea? Kinaukamata.

Akasema hiyo ni breki ya dharura. Kila lifti inayo, kamba ikikatika breki inauma reli. Miaka ishirini na tatu sijawahi kuruhusu mtu apande lifti isiyo nayo — na mimi mwenyewe nimetembea bila. Akacheka kidogo. Kisha akanishika sikio, kama zamani tukiwa watoto, akalivuta mpaka likauma kweli. Hiyo ya Machi, akasema. Tumemalizana.

Lakini sikio hakuliachia upesi.

Ijumaa, 14 Juni

Korido, nje ya chumba cha upasuaji. Kaka kaingia saa mbili unusu. Alivyokuwa anasukumwa kawaambia wahudumu wabonyeze ghorofa ya juu.

Sasa saa nne. Ilisemwa itachukua muda wa saa moja hivi. Hakuna aliyetoka kusema kitu. Wifi yuko benchi la pili, pochi mapajani, hajanitazama. Kuna familia nyingine mbili, leo wako watatu ndani, kila chumba na mlango wake. Kila anayemaliza lazima apimwe ECG pale pale, na kwa kuwa mimi nimezuiwa, Mama Bikari ndiye kaingia na mashine. Nimemwona akisukuma ile mashine peke yake, mfupi kuliko hata toroli lake, kamba ya kiatu shingoni. Nikajisemea, nikipata nusu ya mama yule, nusu tu, nitakuwa nimefika.

Saa nne na robo. Kuna kengele imelia ndani. Watu wamekimbia. Imenyamaza. Sijui ni chumba kipi.

Saa nne na dakika ishirini na tano.

Mlango umefunguka. Ni Mama Bikari. Hana haraka, lakini yeye hana haraka siku zote, uso wake hausomeki. Ana karatasi mkononi. Ameikunja juu. Amekuja mpaka kwangu, amesimama, ananinyooshea, na bikari juu yake.

Sema unachoona.

Nimemuuliza ya nani. Amegonga mkunjo kwa kidole.

Wifi ameinuka. Amekuja kukaa hapa, ubavuni kwangu, amenishika mkono wa kushoto, kwa nguvu, unauma. Wa kulia una kalamu. Ngoja niiweke chini.